Mama Mkwe Atapita Wapi

Kila mkinitembelea, ninyi vijana mnaoanza kazi ya kutengeneza nyumba kwa ndani, mnaniuliza jambo lile lile: Mama Monika, mtindo gani unakuja? Basi leo nawajibu kwa maandishi, ili hata asiyefika kwangu asome.

Jiko litarudi ndani ya nyumba. Choo nacho kitaingia, tena kitakaa ukuta mmoja na chumba cha kulala. Chekeni, lakini wekeni akiba ya kicheko, kwa sababu mtakuja kuvijenga ninyi wenyewe. Rangi ya mafuta itaishinda chokaa, maana inafutika kwa kitambaa. Madirisha yatazidi kuwa mapana. Kuta za ndani zitapungua, kwa kuwa watu wanataka kukaa mahali palipo wazi, mgeni akiingia aone viti vyote kwa mara moja. Nasema haya kwa uhakika, wala sikupiga ramli. Nimefanya kazi hii mjini Tabora tangu Mwingereza akiwa bado mgeni hapa, hadi sasa ambapo yeye mwenyewe anaonekana kuanza kuyatazama masanduku yake. Kwa muda wote huo nimeona mtindo unakuja kwa njia moja tu. Mtu anauona kwenye nyumba ya aliyemzidi cheo, unamkaa moyoni, halafu anamwita fundi.

Kwa hiyo kujua kinachokuja ni rahisi. Linalowashinda mafundi wengi ni kujua kile kinachoondoka kilikuwa kikifanya kazi gani. Hilo nitalieleza kwa visa, maana sijui kulieleza kwa namna nyingine.

Mimi ni mtoto wa Kwihara. Nyumba nilimozaliwa ilikuwa tembe la zamani, la paa bapa lililofunikwa udongo, kuta nene, dirisha hakuna, na moto unawaka ndani kutwa. Kuta zote zilikuwa nyeusi kwa masizi, zinang'aa kama tumbo la chungu. Kukandika ilikuwa kazi ya wanawake, na aliyenifundisha ni shangazi yangu. Hakuwa msemaji. Alikiweka kiganja changu juu ya udongo mbichi, akaweka chake juu ya changu, akasukuma. Ndivyo nilivyojifunza uzito wa mkono. Hadi leo nikimfundisha mtu sianzi na mwiko. Naanza na kiganja, kwa sababu kijiwe au shimo ambalo mwiko utalipita juu kwa juu, kiganja hulisikia.

Zilipoanza nyumba za mabati, kila mtu alitaka ukuta mweupe, na ukuta mweupe na moshi havielewani. Jiko likafukuzwa, likajengewa kibanda uani. Tulifurahi sote. Macho yakaacha kuwasha, nguo za kanisani zikaacha kunuka. Jirani yetu mmoja hakuwa na uwezo wa mabati, basi akabaki na paa lake la zamani na kuutoa moto peke yake, apate angalau ukuta mweupe. Haukupita muda mrefu akaniita nikasikilize boriti zake. Nikasimama katikati ya chumba, nikatega sikio. Zilikuwa zinatafunwa. Ukigonga kwa kidole, unga unadondoka. Mchwa walikuwa wamengoja miaka yote hiyo moshi utoke. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia nitoe kitu ndani ya nyumba yake, namwuliza kwanza kitu hicho kilikuwa kinamfukuza nani, au kinamkaribisha nani.

Kazi ya mjini nilifundishwa na Fundi Sefu, Mzaramo aliyekuja bara na reli, akaoa hapa, akasahau kurudi. Yeye alikuwa bingwa wa lipu na chokaa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, mnajua, kwa hiyo kazi yetu ilikwenda kwa kutukanana kwa heshima kutwa nzima. Asubuhi nikimwamkia shikamoo fundi, anaitika marahaba, na kabla sijashusha ndoo anauliza kama watu wa kwetu wamekwisha kugundua dirisha. Nami namwuliza kama kwao wamekwisha kupata kisima cha maji yasiyo na chumvi.

Lakini chumvi hiyo hiyo ndiyo aliyonifundishia. Chokaa ukiikoroga na maji matupu, inakaa ukutani siku ya kwanza kama bibi arusi, halafu inaanza kuhama na kila anayeigusa. Sefu alitia chumvi ndani ya pipa, akaiacha ilale, akaichuja kwa kitambaa, ndipo akapaka. Kulikuwa na fundi mmoja mjini aliyeona huo ni upotevu wa chumvi. Alipaka sebule za watu kadhaa wenye heshima zao. Jumapili iliyofuata, waliposimama kuimba, tuliokuwa nyuma tukaona migongo ya makoti meusi imechorwa nusu duara nyeupe, na ukajua bila kuuliza nani alimtembelea nani Jumamosi jioni. Mke wa mtu mmoja aligundua hivyo kwamba mumewe hakuwa kwa kaka yake kama alivyosema. Tieni chumvi, wanangu. Mtaokoa koti, na pengine ndoa.

Sasa nifike kwa Karani Leonard, maana kisa chake ndicho kilichonifundisha kazi hii kuliko vingine vyote.

Leonard alikuwa karani wa stesheni, kijana wa kwetu Unyamwezi aliyesomeshwa na misheni, msafi, mpole, anayekunja suruali yake kabla ya kuketi. Alikuwa amemwoa Tekla, binti wa Goweko, na walikuwa wakimsubiri mtoto wao wa kwanza. Kazi yake ilimpeleka mara kwa mara kwenye nyumba ya mkubwa wake Mzungu, na huko ndiko alikoiona sebule. Sebule ile ilimwingia. Alikuja kwetu, akamchorea Sefu kwa kijiti chini: chumba kimoja kikubwa katikati, kinachokula nyumba kutoka mbele hadi nyuma. Chumba cha kulala kushoto, mlango wake unafungukia sebuleni. Stoo kulia, nayo mlango wake unafungukia sebuleni. Dirisha la vioo mbele. Mlango wa nyuma ulikuwapo katika nyumba aliyoinunua, lakini hapo ndipo alipotaka lisimame kabati lake la mninga lenye vikombe, litazamane na mgeni anapoingia. Tukaliweka. Mlango ukabaki nyuma ya kabati, umefungwa kwa komeo, hauna kazi tena.

Ilikuwa sebule nzuri, na sioni haya kuisifu. Chini tulizungusha mkanda wa rangi nyekundu iliyokoza, ufike kwenye goti, kwa ajili ya matope ya viatu na mikono ya watoto. Juu yake tukapaka samawati nyepesi, chokaa iliyotiwa nili ya kufulia. Hapo nawaomba msikilize: nili inadanganya. Ikiwa mbichi ukutani hujui itakavyokuwa ikikauka. Pakeni kwanza kwenye kigae, mkianike juani, ndipo mwamue. Viti vilikuwa vya mbao vyenye mito, na Tekla alivifumia vitambaa vya kuweka mgongoni. Watu walipita barabarani wakapunguza mwendo. Wenzake Leonard kazini walikwisha kualikwa waje waione.

Asiyekuwa wa huku nimweleze jambo ambalo sisi hatukuhitaji kuelezwa. Kwa desturi yetu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kutokutana. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hawatazamani usoni. Akija mama mkwe, mkwe wake anatoka kwa nyuma, mama anaingia kwa mbele, na kila mmoja anajua mwenzake yupo. Mama mkwe hapiti karibu na mlango wa chumba anacholala mkwe wake. Si chuki, kama wageni wanavyodhani. Ni heshima kubwa kuliko ya salamu. Na mtoto wa kwanza akikaribia kuzaliwa, mama wa binti huja kukaa naye. Hilo nalo ni desturi, na binti hulingoja kwa moyo wote.

Sote tulijua haya. Leonard alijua, Tekla alijua, mimi nilijua. Sefu alikwisha kukaa Tabora kiasi cha kujua. Lakini tulipokuwa tukiitazama sebule ile inavyopanuka, hakuna aliyekumbuka kwamba milango ni watu.

Mama Tekla alishuka kwenye treni ya kutoka Goweko mvua zikiwa zimeanza. Alikuja amebeba unga, kibuyu cha asali na kuku wawili, akiongozwa na jirani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikimalizia mkanda mwekundu karibu na mlango, Sefu yuko juu ya ngazi. Tekla alikuwa amelala chumbani, miguu imevimba. Leonard alikuwa kwenye kiti chake, amevaa koti, anasoma.

Tukasikia hodi ya mwanamke mbele ya nyumba. Leonard aliitambua sauti. Akainuka kama mtu aliyeungua, akaenda nyuma kutoka kama ilivyo desturi, akakutana na kabati la vikombe. Akarudi. Mbele kuna mama mkwe. Kushoto chumbani amelala Tekla, na huko ndiko mama atakakoelekea. Kulia stoo ina magunia hadi juu. Nilimwona akigeuka huku na huku katikati ya sebule yake nzuri, isiyo na pa kujificha hata kuku. Kisha akafungua dirisha la vioo, akapandisha mguu, akaruka nje. Kwa bahati mbaya dirisha lilikuwa mbele, na mama mkwe alikuwa mbele.

Mama Tekla alikuwa mwepesi. Alijifunika uso kwa kanga kabla mguu wa pili haujatoka. Akasimama vile, amejifunika, mpaka nyayo za Leonard ziliposikika mbali. Ndipo akafunua, akaitazama nyumba. Alitazama akiwa mlangoni, hakuingia. Macho yake yalikwenda kwenye mlango wa chumba, kwenye kabati, yakarudi kwenye dirisha. Nikamwamkia shikamoo mama. Akaitika marahaba mwanangu, kisha akasema kwa upole kabisa:

“Nyumba inayomtoa mwenyewe dirishani, mimi nitalalaje humo?”

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliniachia kuku na asali nimpe Tekla, akaenda kulala kwa mwenzake wa kanisani upande wa pili wa mji, akaacha neno: treni ijayo ya kwenda Goweko ataondoka na binti yake, akajifungulie nyumbani penye mlango.

Hapo ndipo mambo yakawa mazito. Mkunga wa misheni alikwisha kumkataza Tekla kusafiri, kwa sababu ya ile miguu. Akipanda treni, tulihofia mtoto angezaliwa njiani, au lingetokea baya kuliko hilo. Akibaki, angejifungua bila mama yake, na alikuwa na woga ambao hakuuficha. Leonard alirudi amelowa. Alisema atahamia kwa rafiki hadi mtoto azaliwe. Sefu akamwambia hilo halisaidii, mama hatakaa katika nyumba ambayo kila akitoka kwenda uani anapita mlango wa chumba cha mkwewe, awemo asiwemo. Nami nikasema kwamba ukuta ndio uliotufikisha hapa, ama tuseme ukosefu wa ukuta, na ukuta ndio utakaotutoa: tuondoe kabati, tufungue mlango wa nyuma, tuikate sebule kwa ubavu. Sehemu ya nyuma iwe chumba cha Tekla na mama yake, chenye mlango wao wenyewe wa uani.

 Msimcheke Leonard. Mtu akiwa na kitu kimoja alichokiota tangu yuko shuleni, amelala kwenye jamvi na wenzake, ni vigumu kukikata nusu. Aliuliza kama haiwezekani kutundika pazia tu. Tekla alikuwa ametoka chumbani, ameketi chini kwenye mkeka barazani ingawa viti vipo, kwa maana mkeka ndio uliomfaa. Akasema bila kugeuka:

“Sebule ni yako, baba. Uchungu ni wangu.”

Leonard alivua koti, akalitundika, akaanza kutoa vikombe kabatini kimoja kimoja.

Sasa nawaambia habari ya kazi, maana mkija kufanya hivyo wakati wa mvua mtanishukuru. Ukuta wa matofali haukufaa, ungekauka mtoto anatambaa. Tulisimamisha miti myembamba, tukaifunga fito na matete kwa kamba za magome, ukuta mwepesi ambao hata ukiwa umebeba udongo hauilemei sakafu. Udongo tulichukua wa kichuguu. Mchwa ni mafundi kuliko sisi, udongo wao umekwisha kuchujwa. Ukiuchanganya na mavi ya ng'ombe mabichi na majani makavu yaliyokatwa vidogo, unashika haraka na haupasuki sana. Tulikandika tabaka nyembamba, ikishika ndipo nyingine. Tuliweka majiko ya mkaa sakafuni yakaushe, lakini mbali na ukuta, kwa sababu ukuta ukikaushwa kwa haraka upande mmoja unapinda kama chapati. Na tuliacha wazi mlango na dirisha, hata kama mvua inanyesha, kwa kuwa linalokausha ni upepo zaidi ya moto. Ukuta hatukuufikisha juu kwenye dari. Tuliuishiza juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Sehemu ya nyuma haikuwa na dirisha, na mwanga na hewa vingepita hapo juu.

Siku ya pili ya kazi, mama Tekla mwenyewe akaja uani kwa nyuma. Labda alikuja kuona kama tunamdanganya. Alisimama kwenye ule mlango uliofunguliwa, akaangalia fito, akaangalia jinsi ninavyosukuma udongo, akaniuliza nani alinifundisha. Nikamtaja shangazi. Akafunga kanga kiunoni, akaingiza mikono kwenye udongo.

Tatizo ni kwamba Leonard alikuwa upande wa pili. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, naye amekunja mikono ya shati, anakandika upande wa sebule kwa bidii na bila ujuzi. Fito zilikuwa bado wazi, mtu wa huku anamwona wa kule. Sefu akawa mwepesi, akatundika jamvi katikati. Kuanzia hapo wakafanya kazi ukuta mmoja, mama huku, mkwe kule, jamvi kati yao, na kila tulipomaliza kipande tulilipandisha jamvi juu. Mkwe akisukuma udongo, huku tunaona umetokeza kati ya matete, mama anaupokea na kuulainisha. Hawakuambiana neno. Kila kilichohitajika kilipitia kwa Sefu, ambaye kwa kuwa ni mtani aliruhusiwa kumwambia yeyote lolote.

Mama alipoona udongo unakuja mwingi mno, alimwuliza Sefu, kwa sauti ya kutosha kuvuka jamvi, kama huko upande wa pili wanakandika ukuta au wanalisha ng'ombe. Sefu akazunguka nje ya nyumba kwenye mvua, akaingia kwa mbele, akampa Leonard ujumbe ule ule aliokwisha kuusikia. Leonard akajibu kwamba amesikia na atapunguza. Sefu akarudi tena kwenye mvua. Baada ya safari kadhaa akaniambia kwamba akirudi pwani atawaeleza watu kuwa Wanyamwezi wana simu, ila simu yenyewe inalowa.

Ukuta ulikauka kiasi cha kupakwa chokaa siku moja kabla ya treni ya Goweko. Mama Tekla alikuja na mkeka wake. Aliugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akalala humo na binti yake. Treni iliondoka bila wao, na Leonard aliyekuwa zamu stesheni siku hiyo alituambia kwamba hajawahi kuipungia mkono treni isipokuwa ile.

Mtaniuliza sebule ilikuwaje. Ilipungua, ndiyo. Lakini ukuta mpya ulimpa Leonard kitu ambacho hakuwa nacho kabla: mahali pa kuegemeza. Kabati lilihamia hapo, picha ya arusi ikatundikwa juu yake, viti vikasogezwa karibu, na watu wakaweza kuzungumza bila kupaza sauti kama walio ng'ambo ya mto. Wenzake wa stesheni walipokuja hawakumhurumia. Waliuliza nani aliyeujenga. Kwa misimu kadhaa baadaye, kila karani aliyenunua nyumba alitaka ukuta mfupi wa Leonard na mlango wa uani. Baadhi yao hawakuwa hata na mke, acha mama mkwe. Tukajenga tu. Mtindo ukishaanza hauulizi sababu, lakini fundi lazima aijue, ili ajue pa kuweka mlango.

Kwa hiyo wanangu, choo kikiingia ndani, jengeni. Jiko likirudi, lipokeeni. Kuta zikivunjwa, chukueni nyundo. Sitaki mwe mafundi wa kulilia tembe, mimi nimelala ndani ya tembe na nawaambia kikohozi chake nakikumbuka. Nataka tu, mteja akiwachorea nyumba chini kwa kijiti, mumwombe kijiti hicho, kisha mwingizeni ndani ya mchoro ule mgeni wake anayemheshimu kuliko wote. Mpitisheni pole pole toka barabarani hadi mahali atakapolala. Akikwama, mmeona kosa kabla halijawa ukuta. Mnaweza kufanya hivyo. Haihitaji shule kubwa, inahitaji kutokuona haya kuuliza mambo ya nyumbani kwa mtu.

Mtoto alizaliwa mchana, mkunga akiwapo, nyuma ya ukuta ule. Mvulana. Mimi na Sefu tulikuwa tumekwenda kutoa hongera, tukamkuta Leonard ameketi sebuleni, mikono magotini, anatazama ukuta kana kwamba kuna dirisha. Sisi watatu tulisikia maji yakimiminwa, Tekla akizungumza kwa sauti ya uchovu mwema, mkunga akiaga kwa mlango wa uani.  Halafu sauti ya mama Tekla ikaja kwa juu ya ukuta, pale tulipoacha wazi kwa ajili ya hewa. Hakuwa anasema na Leonard. Alikuwa anasema na mtoto.

“Mjukuu wangu, mwambie baba yako mama yako mzima, amekunywa uji akamaliza bakuli.”

Leonard alisimama. Alifunga kifungo cha koti, ingawa hakuna aliyekuwa akimwona ila sisi. 

“Mwanangu, mwambie bibi yako ahsante. Mwambie asiondoke upesi. Akae mpaka mvua ziishe.”

“Mwambie nimesikia,” mama akasema. “Na umwambie kona ya juu hakuikandika vizuri, naona mwanga wa kwake.”

Sefu akatikisa kichwa, akavaa kofia yake kama mtu aliyeachishwa kazi.

“Wanyamwezi nyie,” akasema kwa sauti ya kufika kule nyuma. “Mtoto hana hata jina, mmekwisha kumfanya mpagazi.”

Kwanza alicheka mama mkwe, kule. Kisha Leonard akacheka, huku. Tekla akatuomba tunyamaze, mtoto asiamke.